Trei au tuta: hesabu ya miche ya nyanya Bukiriro

Ulaya watu huotesha mbegu za mboga ndani ya nyumba kwa sababu nje bado kuna baridi ya kuua mche. Bukiriro, wilayani Ngara, iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Baridi ya namna hiyo haipo. Huku kinachopanga kalenda ni mvua. Vuli huanza Septemba na mche wa nyanya hukaa kitaluni wiki nne hivi, kwa hiyo mbegu husiwa Agosti, kiangazi kikiwa bado hakijaisha. Mkulima ana njia mbili: tuta la ardhini lenye kivuli cha nyasi, au trei ya plastiki yenye mashimo 200. Trei husifiwa kwamba inaokoa mbegu. Inaokoa kiasi gani?

Tuchukue robo eka, yaani mita za mraba 1,012. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, kila mche unachukua mita ya mraba 0.45, na shamba linaingia miche 2,250. Ongeza asilimia 10 ya kujazia mapengo: miche 2,475.

Tuseme kwenye tuta, katika kila mbegu 100, miche 60 ndiyo inayofika shambani. Iliyobaki haikuota, au imeliwa na wadudu, au imekatwa shingoni na kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa kitaluni. Zitahitajika mbegu 4,125. Kwenye trei tuseme 85 kwa 100: mbegu 2,912. Tofauti ni mbegu 1,213, na kwa kuwa gramu moja ya nyanya ina mbegu 300 hivi, hizo ni gramu nne.

Sasa gharama. Bei ninazoweka ni za kukokotolea tu. Msomaji aweke za duka lake. Trei 15 kwa shilingi 3,000 ni 45,000. Zikidumu misimu mitatu, kila msimu unabeba 15,000. Udongo wa kununua tuuweke 20,000. Jumla ni 35,000 kwa msimu. Maji sijayahesabu, ingawa kwa anayebeba ndoo kutoka bondeni mwezi wa Agosti si kitu kidogo.

Gawanya 35,000 kwa mbegu 1,213: shilingi 29. Trei inalipa pale tu mbegu moja inapozidi bei hiyo. Mbegu ya kawaida kama Tanya, ikiuzwa shilingi 5,000 kwa gramu 10, haifiki shilingi 2 kwa punje. Trei hapo inaokoa shilingi 2,000 kwa gharama ya 35,000. Chotara ya shilingi 100 kwa punje ni habari nyingine: inaokoa 121,300, na faida inabaki 86,300.

Faida hiyo, hata hivyo, imesimama juu ya ile 60 ya tuta, na ndiyo namba ninayoitilia shaka kuliko zote. Anayelinganisha trei iliyotunzwa vizuri na tuta lililosahauliwa hapimi trei, anapima uangalizi. Tuta likisiwa kwa mistari, likahamishwa mahali kila msimu na lisiloweshwe kupita kiasi, tuseme lifikishe 75. Mbegu zinashuka hadi 3,300 na tofauti na trei inabaki 388. Kwa chotara ileile ya shilingi 100, faida ya 86,300 inakuwa 3,800.

Na ile misimu mitatu? Plastiki nyembamba ikiachwa juani hupasuka mapema. Zikidumu msimu mmoja, gharama ni 65,000, na kwenye tuta la 75 mkulima wa chotara anapata hasara ya 26,200.

Mbegu ya kawaida haihitaji trei. Kwa chotara, sia kwanza mbegu 100 kwenye tuta lako na uhesabu miche inayofaa kuhamishwa. Ikiwa 60 au chini, nunua trei. Ikiwa 75, fedha hiyo ina kazi nyingine shambani.