Chupa ya Seoul Kwenye Kaunta ya Nateete

Barabara ya Masaka inapopita Nateete, magharibi mwa Kampala, haiishiwi vumbi wala foleni. Pembeni, kati ya wauza simu na wakaanga rolex, chapati zilizoviringishwa na mayai, yamebanana maduka ya vipodozi ambayo mali yake nyingi hutoka Kikuubo, uchochoro wa biashara ya jumla katikati ya jiji. Rafu za chini zina jeli ya petroli na mafuta ya nywele, za katikati zina losheni za kung'arisha mwili. Siku hizi, karibu kabisa na mwenye duka, mahali panapowekwa vitu vya kuchungwa, vimesimama vichupa vyenye maandishi ya Kikorea: tona, seramu, ute wa konokono, krimu ya jua. "Nyabo, hii ni ya Korea yenyewe," mteja huambiwa, na bei hutajwa baadaye.

India iliukumbatia mtindo huu mapema. Kampuni ya innisfree ilifungua duka lake la kwanza nchini humo mwaka 2013, jijini Delhi, lakini njia ilikuwa imeshatengenezwa na tamthilia. Mwaka 2000 waasi wa Manipur, jimbo linalopakana na Myanmar, walipiga marufuku filamu za Kihindi. Watu wakageukia televisheni ya Korea, na pamoja na hadithi wakapokea mitindo ya nywele na nyuso zinazong'aa. Kampala haikuhitaji marufuku ya mtu. Ina ma-VJ, mabingwa wa kusimulia filamu kwa Kiganda juu ya sauti za wahusika, na kwenye midomo yao hata mfalme wa Korea ya kale hulalamika kama mzee wa mtaa wa Mengo. Ukizitazama nyuso zile usiku baada ya usiku, hazina kipele wala doa, utauliza tu wanajipaka nini. Jibu la kweli lingeanza na taa za studio, ila taa haziuzwi kwenye chupa.

Tuvisome vichupa vyenyewe. Kiungo kinachojirudia ni niasinamaidi, aina ya vitamini B3. Chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, melanosaiti, huifunga melanini katika vifuko vidogo sana na kuvipitisha kwa chembe za jirani zinazopanda kuelekea juu ya ngozi. Niasinamaidi haiziui chembe hizo, wala haizuii melanini kutengenezwa. Inachopunguza ni idadi ya vifuko vinavyohama. Utafiti wa Hakozaki na wenzake uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba, katika chembe zilizokuzwa maabara, uhamaji huo ulishuka kwa asilimia 35 hadi 68. Usoni mambo huenda taratibu zaidi, na ukiacha kupaka, rangi yako hurejea ilivyokuwa. Korea Kusini inaitambua kisheria kama kiungo cha kung'arisha, kwa kiwango cha asilimia 2 hadi 5.

Hapo ndipo historia inapochekesha. Fair & Lovely, krimu iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975 na kufika hadi maduka ya Nairobi na Kampala, ilitegemea niasinamaidi hiyo hiyo. Mwaka 2020, kelele dhidi ya ubaguzi wa rangi zilipopanda duniani, ikabatizwa upya Glow & Lovely. Kwa hiyo binti anayeicheka krimu ya shangazi yake kuwa ni ya kizamani, kisha akanunua seramu ya Seoul, huenda amelipia kemikali ile ile kwa bei ya juu. Shangazi aliahidiwa weupe, binti anaahidiwa mng'ao. Mimi sioni kwamba ahadi hizo mbili zimepishana sana.

Lakini mshindani halisi wa vichupa hivi pale Nateete ni mkorogo, na hapa sitanii. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa waliovimba miili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivuja protini. Wengi wao walikuwa wakijipaka krimu za kujichubua zenye zebaki. Ndani ya ngozi, zebaki hukipooza kimeng'enya cha tairosinesi, ambacho bila hicho melanini haitengenezwi. Shida ni kwamba haibaki ngozini: inaingia kwenye damu, na figo ndizo zinazolipa. Miaka mitatu baadaye, Afrika Kusini, madaktari walieleza madhara ya hidrokwinoni iliyotumiwa muda mrefu: mashavu yanaingia weusi wa kibuluu, mkwaruzo kama changarawe, na mara nyingi hauondoki tena. Mwanamke aliyetaka kupunguza rangi anaishia na rangi asiyoweza kuiondoa. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, limekataza vipodozi vyenye sumu hizo mbili, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kukomesha vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025. Rafu za katikati bado zinavyo vikopo visivyoandikwa viungo vyote. Ukivilinganisha na hivyo, seramu ya Korea iliyo halali ni neema.

Neema hiyo inatokana zaidi na tabia kuliko na siri ya maabara. Wakorea wanaanza na kuosha uso kwa upole. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH ya karibu 5, na uchachu huo huvisaidia vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta ya kushikilia tabaka la juu. Sabuni ya mche ina pH ya 9 au 10. Ukiisugulia usoni asubuhi na jioni, ngozi inakauka, inawasha, inachubuka, na kwa ngozi nyeusi kila kidonda kidogo huacha doa. Kubadilisha sabuni tu kunaweza kuleta faida ambayo mtu atadhani imeletwa na tona. Zile hatua kumi za Kikorea za kutunza ngozi zinazotangazwa, mimi ningezipunguza hadi tatu. Kampala si jiji kavu, na kwa kuzuia maji yasitoroke ngozini, jeli ya petroli ya rafu ya chini bado ina nguvu kuliko krimu nyingi za rafu ya juu. Mafuta ya shea ya kaskazini mwa Uganda nayo ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, kwa sababu mti wa huku una asidi ya oleiki kwa wingi zaidi.

Na konokono? Wateja humcheka kwanza, kisha humnunua. Konokono mkubwa wa Afrika, Lissachatina fulica, asili yake ni mwambao wetu wa mashariki. Alisafirishwa visiwani, na mwaka 1847 Mwingereza William Benson akawachukua wachache kutoka Mauritius na kuwaachia katika bustani ya Calcutta. Leo ni msumbufu wa mashamba karibu Asia yote ya joto. Mwaka 1996 watafiti wa Seoul, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walitangaza kwamba wamepata ndani ya mwili wa konokono huyo aina mpya ya sukari ndefu yenye salfeti, wakaiita acharan. Ni ugunduzi wa kemia ulio mzuri, ila haukuwa utafiti wa urembo, na ute mwingi wa madukani hutoka kwa konokono mwingine, yule wa bustani za Ulaya. Ute unalainisha ngozi na kuiwekea maji. Majaribio juu ya mikunjo na makovu ni machache na madogo, kwa hiyo anayeununua ili makovu yafutike amenunua matumaini. Ndugu yake wa karibu kwenye rafu, mmea wa Centella unaouzwa kwa jina la cica, una rekodi nzuri zaidi. Madagascar ndiko dutu yake ya kuponesha vidonda ilikotengwa katika miaka ya 1940, na India waliutumia kwa karne nyingi kabla ya hapo.

Kitu ambacho ningekuwa tayari kukitolea hela ni krimu ya jua. Kampala iko karibu mno na ikweta, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na saa sita mchana kipimo cha miale ya urujuanimno mara nyingi huvuka 11, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupindukia. Ngozi nyeusi ina kinga yake: kipimo kilichofanywa mwaka 1979 kilikuta kwamba tabaka lake la juu hupitisha asilimia 7.4 tu ya miale ya UVB, ilhali ngozi nyeupe hupitisha 24. Kwa hiyo hofu ya saratani si hoja kubwa kwa wengi wa Nateete. Kwa watu wenye ualbino ni hoja ya uhai, na ndiyo maana Kilisun, krimu inayotengenezwa Moshi, hugawiwa kwao bure. Kwa wengine hoja ni madoa, kwani jua huyakoleza.

Krimu za zamani zenye oksidi ya zinki zilimwacha Mwafrika na uso wa majivu. Za Korea hutumia vichujio vya kisasa visivyoonekana, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kupendwa kwake hapa. Tatizo liko papo hapo. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba hata nuru ya kawaida, ile tunayoonea, hutia ngozi nyeusi weusi unaokaa hata wiki mbili, jambo ambalo halikutokea kwa ngozi nyeupe. Nuru hiyo huzuiwa na kitu chenye rangi, hasa oksidi ya chuma, na krimu isiyoonekana usoni huiacha ipite. Mwenye madoa sugu anahitaji krimu yenye rangi ya ngozi yake, tena ya kutosha: uso na shingo hutaka mistari miwili inayojaza urefu wa vidole viwili, hivyo chupa ya mililita 50 haifiki miezi miwili.

Na Wakorea kwa miaka mingi walitengeneza rangi za watu wao. Poda yao ya maji iliyo maarufu, ile ya kampuni ya TIRTIR, ilianza na rangi tatu, zote za weupe. Mwaka 2024 Mmarekani mweusi Darcei Giles, anayejulikana mtandaoni kama Miss Darcei, alirekodi video akiijaribu na kuonyesha wazi kwamba hata rangi nzito kuliko zote haimfai. Kampuni ikaongeza, akajaribu tena, ikaongeza tena, hadi zikafika 30 mwaka huo huo.