Lenzi ya Pili

Kamera nyingi za wanaoanza zimeuzwa kwa miaka mingi zikiwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Ni lenzi nyepesi, ya plastiki, na hudharauliwa kuliko inavyostahili. Mchana wa jua kali, mtazamaji wa kawaida hatatofautisha picha zake na za lenzi ya bei mara kumi. Upungufu wake hujitokeza jioni. Ndani ya ukumbi wa harusi wenye taa za rangi, au sebuleni baada ya magharibi mtoto akiwa hatulii, picha hutoka na giza, au zimejaa chenga, au mkono wa mtu umeburuzika kama moshi.

Kisa ni tundu la lenzi. Tundu hilo hupanuka na kusinyaa kama mboni ya jicho, na ukubwa wake huandikwa kwa herufi f ikifuatwa na namba. Namba yenyewe huwachanganya wengi kwa kuwa inakwenda kinyume: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 18-55 hufunguka hadi f/3.5 kabla ya kuvutwa. Ikivutwa mpaka mwisho, haivuki f/5.6. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya ule wa f/5.6. Picha iliyolazimu kupigwa kwa 1/20 ya sekunde, muda ambao mcheza ngoma ameshahamisha mguu, sasa hupigwa kwa 1/200, na mguu ukaonekana umetulia hewani.

Kwa mwenye mfuko mdogo, basi, lenzi ya pili yenye faida kubwa ni ile isiyovuta, ya milimita 50 na f/1.8. Si ya bei nafuu kwa sababu ni mbovu. Haina mitambo ya kuvuta, vioo vyake ni vichache, na viwanda vimeitengeneza kwa wingi miaka mingi. Ile ya Canon ya mfumo wa EF ilitoka mwaka 1987 ikiwa na vipande sita vya kioo, na toleo la mwaka 2015, lenye alama ya STM, bado lina sita. Uzito wake ni gramu 160 hivi, kiasi cha chungwa dogo.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji huenda asilitaje. Kamera za bei ya chini huwa na sensa ndogo, nayo hupunguza eneo linaloonekana. Kwenye Canon za aina hiyo, milimita 50 huona kama milimita 80. Hilo ni jema kwa picha ya uso, lakini ndani ya chumba mpiga picha hurudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta, na bado shangazi wa pembeni hajaingia. Nikon ilitoa lenzi ya DX ya milimita 35, f/1.8, mwaka 2009, na kwenye Nikon zenye sensa ndogo hukaribia mtazamo wa ile 50 ya enzi za filamu. Kujua ipi inafaa hakugharimu kitu: lenzi ya 18-55 huwekwa kwenye 35 kwa wiki nzima bila kuguswa, kisha kwenye 50 wiki inayofuata. Picha za zamani nazo hutoa ushahidi, maana kila faili huhifadhi milimita zilizotumika.

Fedha nyingi hupotea kwenye kutooana kwa lenzi na kamera. Lenzi ya Canon ya EF-S, ya sensa ndogo, haiingii kwenye kamera ya Canon ya sensa kubwa. Nikon za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani zisizo na mota yake zitaingia vizuri, ila fokasi itabidi izungushwe kwa mkono. Lenzi za EF hukubali kamera mpya za Canon zisizo na kioo cha kurudisha taswira kwa kutumia adapta. Kinyume chake, lenzi za kamera hizo mpya kwenye kamera ya EF, hakiwezekani.

Lenzi ya kuvuta mbali, kama 55-250, ni ya tamaa zaidi kuliko ya lazima, isipokuwa kwa anayependa ndege, wanyama au mpira. Saa nne asubuhi mbugani hufanya kazi yake vizuri. Alfajiri, simba wanapotembea, f/5.6 hurudisha tatizo lile lile la sebuleni. Kitulizaji cha mtikisiko huzuia mkono wa mpiga picha tu. Simba haambiwi atulie.

Lenzi ya mtumba huokoa fedha, mradi ikaguliwe kabla ya kulipiwa, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Tundu hufunguliwa lote, tochi ya simu ikamulikwa upande mmoja, na jicho likatazama upande wa pili. Vumbi kidogo si hoja. Nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, na hapo biashara iishie, kwani zikikaa muda mrefu hula hata rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Halafu hukaguliwa majani ya tundu: yakiwa na mafuta hunata na kuchelewa kufunga. Mwisho hupigwa picha ya ukuta wa matofali, na pembe zake zikakuzwa kwenye skrini.

Kuvu hupenda unyevu na giza, hivyo kabati la Mombasa, Tanga au Unguja ni makao yake hasa. Begi la ngozi lililofungwa miezi mitatu huwa baya kuliko rafu iliyo wazi. Kopo la plastiki la jikoni lenye mfuniko usiopitisha hewa hutosha, likiwekwa chembe za silika jeli. Zile za rangi ya machungwa hugeuka kijani zikishiba unyevu. Zikikaushwa kwenye oveni kwa moto mdogo, rangi hurudi na chembe zikatumika tena.