Korti, Gereza na Birika: Majengo Jirani ya Mombasa na Majina Yake

Karibu na Ngome ya Yesu, mjini Mombasa, limesimama jengo la mahakama lililojengwa na utawala wa Waingereza mwaka 1902. Wakati huo Ngome yenyewe ilikuwa jela, nayo ilitumika hivyo tangu 1895 hadi 1958. Baina ya hukumu na kifungo palikuwa na mwendo wa hatua chache tu.

Historia ya majengo haya imehifadhiwa pia katika msamiati. Neno gereza latokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Wareno waliijenga Ngome kati ya 1593 na 1596, na misingi ya kanisa lao ingali yaonekana uani. Jina la kanisa lilihamia kwenye ngome iliyolizunguka, kisha likawa jina la mahali popote pa kufungia watu. Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa palipokuwa na kanisa la Wareno, nayo iliitwa Gereza.

Jengo la pili lina majina mawili. Mahakama ni neno la asili ya Kiarabu, lenye shina moja na hukumu na hakimu. Korti limetoka katika Kiingereza. Makadhi walikuwa wakiamua mashauri ya watu wa pwani zamani kabla ya 1902. Korti liliingia pamoja na watawala wapya na sheria zao.

Ndani ya Ngome mna kisima na birika la maji ya mvua. Msomaji wa leo asikiapo birika hufikiria chombo cha chai. Lakini katika usemi wa pwani birika ni pia hodhi la kujengwa, kama lile la kutawadhia msikitini. Umuhimu wa maji ya ndani waeleweka akumbukapo mtu kwamba Waomani waliizingira Ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698.

Ngome ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mahakama ya zamani nayo imekuwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kuta zilizokarabatiwa huweza kumsahaulisha mgeni wale waliofungwa ndani yake. Neno gereza halimruhusu kusahau: ndani yake mna kanisa, ngome na mfungwa, kila mmoja juu ya mwenziwe.