Ufa Usioonekana kwa Macho

Injini ya bodaboda ikishanoki na kufunguliwa, vipuri vyake hupangwa juu ya kipande cha boksi: bloku, pistoni, ringi, valvu, krenki na konrodi yake. Mwenye pikipiki anachuchumaa, anapiga hesabu ya spea, kisha anauliza kipi kinaweza kurudi. Macho humshauri arudishe kinachong'aa, atupe kilichochakaa. Katika kazi hii macho ni mshauri mbaya.

Tazama bloku iliyojaa michirizi ya rangi ya fedha. Inatisha, lakini huenda haijaumia. Pistoni ni ya alumini, na alumini ikipata moto hutanuka kuliko chuma. Oili ilipopungua, pistoni ilivimba, ikausugua ukuta na kuuachia alumini yake. Fundi akishaisafisha bloku, apitishe ukucha. Ukiteleza, kuna matumaini. Ukinasa kwenye mfereji, chuma chenyewe kimeliwa. Hata hapo bloku haijafa. Injini ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na ambayo viwanda vya China vimeiiga mno, ina silinda ya kipenyo cha milimita 56.5. Bloku yake huchongwa ikavalishwa pistoni ya ovasaizi, robo milimita kwa robo milimita, hadi milimita nzima. Kuisha kwa namna hii kunapimika kwa maikromita, na kinachopimika kinaweza kuamuliwa bila kubahatisha. (Ringi zisijadiliwe: bei yake ni ndogo, na za zamani hazikai vizuri kwenye ukuta uliochongwa upya.)

Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ni habari nyingine. Krenki inapozunguka mara 8,000 kwa dakika, pistoni hufika juu, husimama na kugeuka zaidi ya mara 130 kila sekunde. Katika kila mgeuko wa juu, kila gramu 100 za pistoni huivuta konrodi kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 200. Chuma hakikatiki papo hapo. Hupata ufa mwembamba, nao hurefuka kidogo kidogo huku sehemu nyingine ikibaki laini na safi.

Ulimwengu ulijifunza hili kwa msiba. Mwaka 1842, karibu na Versailles, Ufaransa, ekseli ya garimoshi ilikatika na watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye Mjerumani August Wöhler alizijaribu ekseli kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba mzigo mdogo unaorudiwarudiwa huvunja chuma ambacho kingeubeba mara moja bila shida.

Karakana za reli zilitafuta nyufa kwa mafuta na chaki, na njia hiyo ingali inafaa. Loweka konrodi kwenye mafuta ya taa, ifute ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Mstari usipoonekana, bado angalia rangi: ubluu penye pini ya krenki ni alama ya chuma kilichofika nyuzijoto 300 hivi na kupoteza ugumu wake. Iliyopinda nayo isinyooshwe kwa nyundo.

Mimi ningemwomba fundi jambo moja zaidi. Konrodi aliyoikataa aikate kwa msumeno kabla ya kuitupa, maana ikipigwa brashi itang'aa tena, na kuna mtu ataiuza.