Lualaba: mwanga unaonasa atomi unaweza kufichua mashimo chini ya ardhi

Toka Fungurume, katika eneo la Lubudi, mpaka Kolwezi, wakaaji wa jimbo la Lualaba wanaishi juu ya shaba na kobalti. Hatari yao ni mashimo yasiyoonekana. Kule Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, kuanzia mwaka 2014 watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Mwezi wa sita mwaka 2019, wachimbaji wa mikono zaidi ya 30 walikufa ardhi ilipoporomoka katika mgodi wa KOV.

Sasa wanasayansi wana njia ya kutambua uwazi chini ya ardhi bila kuchimba: atomi zilizopozwa kwa leza.

Mwanga unasukuma. Sisi hatusikii msukumo huo tunapoota jua, lakini atomi ni ndogo mno. Katika joto la kawaida, atomi za rubidi zinakimbia karibu kilomita 1.000 kwa saa. Zikipigwa na leza kutoka pande sita, zinakuwa kama mtu anayekimbia ndani ya soko lililojaa: kila anakoelekea anasukumwa nyuma. Zinapoa hadi karibu na digrii 273 chini ya sifuri, na sumaku ya nyaya za shaba inazikusanya pamoja. Kazi hiyo iliwapa tuzo ya Nobel mwaka 1997 Steven Chu, William Phillips na Claude Cohen-Tannoudji, Mfaransa aliyezaliwa Constantine, Algeria.

Kisha atomi zinaachwa zianguke, na leza inapima mwendo wao. Penye shimo, mvutano wa dunia unapungua kidogo sana. Penye mawe mazito unaongezeka. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walitangaza kwamba kwa njia hiyo waligundua handaki la upana wa kama mita 2 chini ya barabara. Mwaka 2020, kipimo cha namna hiyo kilipelekwa kwenye volkano ya Etna, Italia, jambo linalowagusa pia wakaaji wa Goma wanaoishi karibu na Nyiragongo.

Hata hivyo, kifaa hicho ni cha bei kali, kinahitaji umeme wa uhakika na mafundi waliosomea. Tena kinaonyesha shimo tu, hakizuii udongo kuanguka. Kuhamisha watu na kufunga mashimo kutabaki kazi ya wakubwa wa migodi na serikali.