Tabgha: Monasteri na Madhabahu Kandokando ya Ziwa Galilaya

Kila tusikiapo Injili ya mikate mitano na samaki wawili (Mt 14:13-21), fikra zetu huelekea Ziwa Galilaya. Mapokeo ya kale ya Kanisa yanaliadhimisha tukio hilo huko Tabgha, kaskazini magharibi mwa ziwa. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki Heptapegon, yaani “chemchemi saba”.

Kanisa la kwanza lilijengwa hapo katika karne ya 4. Masimulizi yanayohusishwa na mhujaji Egeria yanataja jiwe ambalo Bwana aliweka mikate juu yake, nalo likafanywa altare. Katika karne ya 5 lilijengwa kanisa kubwa zaidi, ambalo sakafu yake ilipambwa kwa mozaiki za ndege na mimea ya majini. Karibu na altare kuna kikapu cha mikate kati ya samaki wawili. Kanisa hilo liliangamia katika karne ya 7, na mozaiki zake zikabaki chini ya kifusi kwa takribani miaka 1,300, hadi wanaakiolojia walipozifukua mwaka 1932.

Mwaka 1939 walifika hapo Wamonaki Wabenediktini wa Abasia ya Dormition, Yerusalemu, wanaoishi Kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto tunayoiona ikiishiwa Peramiho na Ndanda. Kanisa la sasa, lililojengwa juu ya misingi ya kale, lilitabarukiwa mwaka 1982.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Juni 2015, watu wenye chuki waliichoma moto sehemu ya monasteri. Paa liliteketea, lakini mozaiki zilisalimika. Wayahudi na Waislamu walijitokeza kulaani kitendo hicho na kuwafariji wamonaki. Ukarabati ulikamilika mwaka 2017, na milango ikafunguliwa tena kwa wote.

Tukitazama kile kikapu, tunahesabu mikate minne tu. Wa tano uko wapi? Mahujaji huelezwa kwamba uko juu ya altare, katika Ekaristi Takatifu. Basi, tunaoshiriki Mkate huo hatuwezi kujibu chuki kwa chuki, wala kumwacha jirani aondoke na njaa. Agizo la Bwana kwa wanafunzi wake, la kuwapa watu chakula, latuhusu sisi leo, tukianzia katika familia na jumuiya zetu ndogondogo.