Hesabu mbovu ilivyokaribia kuitia Uingereza njaa

MWENYE duka anayechanganya mauzo ya jumla na ya rejareja kwenye daftari moja hawezi kujua kama anapata faida au hasara. Kosa la namna hiyo, lililofanywa na wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza, nusura liitie nchi hiyo njaa mwaka 1917.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa katika mwaka wake wa tatu. Uingereza ilikuwa nchi ya viwanda, na ngano nyingi iliyolisha watu wake ililetwa kwa meli kutoka ng'ambo, zikiwamo Marekani, Canada na Argentina.

Ujerumani iliujua udhaifu huo. Admirali Henning von Holtzendorff alipiga hesabu kuwa zikizamishwa meli zenye jumla ya tani 600,000 kila mwezi kwa miezi mitano, Uingereza itasalimu amri. Februari 1, 1917, nyambizi za Kijerumani zikaanza kuzamisha meli za biashara bila onyo, hata za nchi zisizokuwa vitani.

Aprili ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote. Meli zenye jumla ya zaidi ya tani 850,000 zilizama. Katika kila meli nne zilizoondoka Uingereza kwenda safari za mbali, moja haikurudi. Akiba ya ngano ilitosha wiki sita hivi. Mkuu wa jeshi la majini, Admirali John Jellicoe, alimwambia mwenzake wa Marekani, William Sims, kuwa mambo yakiendelea hivyo Wajerumani watashinda.

Msafara wakataliwa

Dawa ilijulikana tangu enzi za meli za matanga: meli nyingi zisafiri kwa msafara mmoja, zikilindwa na manowari. Lakini wakubwa waliikataa. Walidai kuwa kundi la meli ni shabaha rahisi, kwamba yenye kasi italazimika kuisubiri yenye mwendo wa pole, na kwamba zikifika zote siku moja bandari zitafurika na mizigo itakaa.

Hoja nzito zaidi ilikuwa ya idadi. Taarifa za kila wiki zilionyesha meli 2,500 zikiingia bandarini na nyingine 2,500 zikitoka. Manowari za kulinda safari 5,000 kwa wiki zingetoka wapi?

Ofisa mmoja, Reginald Henderson, aliifuatilia idadi hiyo hadi kwenye wizara iliyoshughulikia usafiri wa meli. Akakuta imejumlisha kila chombo, hata vile vidogo vilivyozunguka pwani kutoka bandari moja hadi nyingine za nchi hiyo hiyo. Meli kubwa za kuvuka bahari, ambazo ndizo zilizobeba chakula, zilikuwa kama 20 tu kwa siku zinazoingia, na kama 20 zinazotoka. Kazi iliyodhaniwa haiwezekani ikawa inawezekana.

Kwa nini ulifaulu

Msafara wa kwanza wa majaribio uliondoka Gibraltar Mei 10, 1917. Meli zote zilifika salama.

Sababu si ngumu. Bahari ni pana, na kundi la meli 20 ni gumu kuonekana karibu sawa na meli moja. Zikienda mojamoja, nyambizi hupata nafasi 20 za kuwinda. Zikienda pamoja, hupata moja. Hata ikilikuta kundi, huweza kupiga meli moja au mbili kabla manowari hazijaifikia. Nayo chini ya maji huenda polepole, hivyo kukimbia ni kazi.

Hadi vita inakwisha mwaka 1918, meli zilizozama zikiwa katika misafara ya baharini zilikuwa chini ya moja kwa kila 100.

Afrika Mashariki nayo iliguswa

Katika Vita Kuu ya Pili, hatari hiyo ilifika karibu na nyumbani. Kati ya Juni na Julai 1942, nyambizi za Kijapani zilizamisha meli za biashara zaidi ya 20 katika Mlango wa Msumbiji, ambako nyingi zilikuwa zikisafiri peke yake.

Msafara nao haukuwa kinga kamili. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa katika msafara, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwamo askari wengi wa Afrika Mashariki. Manowari zilizoulinda msafara ziliizamisha nyambizi hiyo siku hiyo hiyo.

Kwa wakulima wanaotaka kukodi lori moja kupeleka mazao sokoni, hoja za wapinzani wa msafara si ngeni: huyu atatuchelewesha, soko litafurika, magunia ni mengi mno. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kuamua, inafaa mtu ayahesabu hayo magunia, na aanze kwa kutenganisha ya kuuza na ya kula nyumbani.